Ngozi ya Mbuzi Mkononi mwa Samweli

Nyuma ya bucha moja pale Same, karibu na mahali ninaposhukia nikija kutazamwa macho, huwa wanawamba ngozi za mbuzi juani. Wajukuu wanaonisindikiza huziba pua na kunivuta mkono twende. Mimi husimama kidogo. Harufu ile ya ngozi mbichi, ya chumvi na mafuta yanayoanza kuchacha, hunirudisha mlimani, kwenye kijito cha maji baridi, nikiwa mtoto wa miaka tisa au kumi, nimeshika mkono mdogo uliolowa. Nimekaa na jambo hili kwa miaka mingi. Leo nalisimulia lote, na naomba msinihurumie mapema.

Kwetu ni juu, mbele kidogo ya Vudee, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi na nguo hukaa siku tatu kambani bila kukauka. Ilikuwa miaka ya ile vita kuu ya pili. Mwingereza alikuwa amechukua wanaume wengi wa milima yetu, wakashuka kwa miguu hadi Same, wakapandishwa treni, na baada ya hapo tulichokuwa nacho ni barua, kama zilikuja. Mmoja wao alikuwa mume wa Shangazi Naetwe, dada wa pekee wa baba yangu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, wa Kilutheri. Alikuwa na jozi moja ya viatu, ambayo aliibeba mkononi kutoka nyumbani mpaka mlangoni mwa kanisa, akakaa juu ya jiwe, akafuta miguu kwa majani, ndipo akavaa. Akishavaa viatu alikuwa mtu mwingine. Hata kukohoa kwake kulibadilika. Mama hakuwa hivyo. Mama alikuwa na kipaji cha kulala usingizi huku macho yakiwa wazi, na mahubiri yakiwa marefu nilikuwa najua amelala kwa sababu aliacha kumeza mate. Lakini hakuna mgonjwa kijijini ambaye hakupata kunywa uji wa mama.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekariri amri zote kumi pamoja na maana zake, kabla ya watoto walionizidi umri. Mwalimu wa dini alinisimamisha mbele niwasomee wenzangu. Nilijihesabu miongoni mwa wenye nguvu katika imani.

Shangazi alibatizwa ukubwani, alipoolewa, na alikuwa na hofu ya mtu anayeingia nyumba ya watu. Alikaa kanisani kama anayengoja kuulizwa amekuja kwa nani. Alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa kifua. Nakumbuka mazishi ya wa pili. Alisimama kando ya kaburi akaimba wimbo wote, beti zote, sauti haikutetemeka, na wazee wakasema, tazameni imani. Alipompata wa tatu akamwita Samweli, kwa sababu, alisema, alimwomba kwa Mungu kwa kulia.

Samweli alipofika miaka mitatu, kifua kikamshika yeye pia.

Kwanza walimpeleka zahanati ya misheni. Wakarudi na chupa ya dawa nyekundu. Chupa ikaisha. Baba akaja kumwombea, amevaa viatu. Mtoto akaendelea kukonda mpaka kichwa chake kikaonekana kikubwa. Mama mkwe wa Shangazi, ambaye hakuwa Mkristo na hakutaka kuwa, alikuja kila asubuhi akaketi mlangoni na kusema neno lile lile: "Wa kwetu wanaulizia chao. Umewanyima mara mbili. Utawanyima mara ya tatu?"

Asubuhi moja Shangazi hakuonekana shambani. Kesho yake alirudi. Na baada ya wiki mbili Samweli alikuwa anakimbiza kuku.

Watu walimshukuru Mungu. Baba alilitaja jambo hilo katika maombi, kwa sauti ya viatu.

Basi siku moja mama alinituma nikamsaidie Shangazi kuteka maji. Tulishuka kijitoni, chini ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Shangazi akawa anafua, mimi nikaambiwa nimwogeshe Samweli. Alivaa shati la mikono mirefu lililoshonwa kutoka shati kuukuu la baba yake. Nilipolivua nikaona, juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kulia, ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, manyoya meupe bado yakiwa juu yake. Ulipolowa ndipo harufu ikapanda.

Nilijua ni nini. Kila mtoto wa kwetu alijua. Mbuzi amechinjwa kwa ajili ya wazee waliokufa, na huyu amevishwa ngozi yake.

Shangazi aliinua kichwa. Alikuja upesi, mikono ina povu, akapiga magoti majini mbele yangu, mtu mzima kwa mtoto.

"Mwanangu. Hujaona kitu."

"Sijaona, Shangazi."

"Akipona kabisa nitaivua. Mungu anajua nitaivua. Ila sasa hivi mikono yangu inakataa."

"Sijaona," nikasema tena, naye akanishika uso kwa viganja vyake vya baridi.

Nilikaa na siri ile siku kumi na moja. Nilizihesabu. Halafu ikaja Jumapili ambayo Mwalimu alitufundisha kwamba dhambi iliyofichwa na mtu mmoja huweza kuangusha kijiji kizima. Alikuwa mwalimu mzuri, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na alikuwa amepata kutoka misheni picha ndogo za rangi ambazo aliwagawia watoto waliofanya vizuri. Sisi hatukuwa na rangi nyumbani isipokuwa ya udongo na ya migomba. Ili kupata picha moja ya namna ile ungeweza kufanya mengi.

Ningependa kusema niliogopa hukumu ya Mungu juu ya kijiji. Niliogopa, kidogo. Lakini zaidi ya hapo nilitaka Mwalimu aone kwamba mimi si mtoto wa kukariri tu. Wenzangu walipotoka nikabaki, nikamwambia.

Hakufurahi, hilo nalikumbuka vizuri, uso wake ulichoka ghafla. "Una hakika?" Nikasema ninayo. "Usimwambie mtu kwamba umeniambia." Kisha, labda kwa kuwa hakujua afanye nini na mtoto aliyesimama pale akingoja, alifungua Biblia yake akanipa picha. Ilikuwa ya Yona na samaki. Samaki mwenyewe alikuwa kama gunia lenye macho. Niliichomeka katika majani ya paa juu ya kitanda changu, na sikuwahi kuitazama kwa raha hata siku moja.

Mchungaji alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, maana alikuwa na makanisa mengi milimani. Katikati ya mwezi mambo yalikuwa mikononi mwa wazee. Walikaa, wakamwita Shangazi, wakamtaka avue ile ngozi mbele ya usharika na kuungama. Akakataa. Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa kwamba yuko nje ya ushirika. Aliyelisoma ni baba. Ilikuwa zamu yake, na hakuna mzee aliyejitolea kumpokea zamu.

Shangazi alikuwa amekaa upande wa wanawake na Samweli mapajani. Baba alipomaliza, akasimama. Wanawake hawakuwa wakisimama hivyo kanisani.

"Kaka," alisema, hakusema mzee, "wawili niliwazika nikiimba. Huyu wa tatu, sauti ilikataa. Nisameheni kama mnaweza."

Akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, lile lisilo na egemeo, ambapo waliotengwa walikaa. Jumapili iliyofuata hakuja.

Hapo nilianza kuona nilichofanya. Hakuna aliyetangaza kwamba Shangazi asaidiwe au asisaidiwe. Watu waliacha tu. Kwetu kuna msaragambo: baragumu ikilia kila nyumba hutoa mtu, na shamba la mjane au la mke wa askari hulimwa na wote. Mwaka ule baragumu ililia, tukalima shamba hili na lile, na tulipofika mpakani mwa shamba la Shangazi watu wakaanza kufuta majembe na kuulizana habari za mvua. Nilisimama pale na jembe langu dogo. Alikuwa peke yake katikati ya magugu, Samweli mgongoni, na hakututazama.

Jioni ile wazazi wangu waligombana migombani, wakidhani mimi, Nakijwa wao, niko jikoni nachochea makande.

"Shamba la dada yako limeachwa," mama alisema.

"Nimeona."

"Umeona, ukarudi nyumbani."

"Mama Nakijwa, unataka nifanye nini? Nikimlegezea yeye kwa kuwa ni dada yangu, watu watasema nina mizani mbili. Kesho nitamkemea nani?"

"Sijasema habari ya kukemea. Nasema habari ya kulima."

Mama akaendelea, kwa sauti ya chini iliyoniogopesha kuliko kelele. "Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Sisi watoto wetu wote wako hai, Baba Nakijwa. Imani yetu haijawahi kupelekwa makaburini mara mbili. Unajuaje kama ina nguvu? Ni Maandiko hayo hayo unayotusomea yanayosema mwenye nguvu ambebe aliyedhoofika. Au yale unasoma tu ukivaa viatu?"

Nilidhani baba atampiga. Baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini nilidhani. Alikata jani la mgomba ambalo halikuhitaji kukatwa, akaondoka.

Kesho yake mchana kweupe, siku ya soko, wakati njia imejaa watu, mama alichukua jembe akaenda kulima kwa Shangazi. Alinichukua na mimi. Sijapata kulima kama siku ile. Shangazi alinipa maji ya kunywa katika kata, akaniambia, "Pumzika mwanangu, mikono itachubuka." Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikaomba maji mengine.

Jumapili mama alimpitia Shangazi wakaja naye. Walipoingia, mama hakwenda mahali pake pa mbele. Alikaa benchi la nyuma na wifi yake. Mchungaji alikuwepo siku hiyo na Meza ya Bwana ilikuwa imeandaliwa. Watu walikwenda mbele mstari kwa mstari, na mama hakwenda. Baada ya ibada Mchungaji, mzee mwenye masikio makubwa na sauti ndogo, alimwita nje.

"Nimesikia wewe hukukatazwa. Mbona hukuja?"

"Nilikuwa na mgeni, Mchungaji. Mtu hamwachi mgeni wake amekaa, akaenda kula peke yake."

Mchungaji alimtazama, akamtazama Shangazi aliyekuwa amesimama mbali kidogo akimfunika Samweli, na akasema atafikiri. Ndivyo alivyosema tu. Baba alikuwa kwenye lile jiwe akivua viatu. Alisikia yote.

Mvua za masika zikaanza. Zilikuja na baridi, na kifua cha Samweli kikarudi, na ile ngozi ikiwa mkononi.

Asubuhi ya Jumapili Shangazi alikuja kwetu akikimbia kwenye tope, hana hata kitambaa kichwani. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mbavu, unaziona zikizama. Midomo ilikuwa ya kijivu. Zahanati ilikuwa imeshindwa mwanzoni, na hospitali ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Mama akaanza kutafuta mbeleko. Baba alikuwa tayari amevaa koti la ibada. Zamu ya kusoma ilikuwa yake.

Alimtazama dada yake kwa kitambo kirefu. Kisha akageuka, akainama, akasema, "Mnifunge."

Mama hakuelewa.

"Nifungeni mtoto mgongoni. Wewe na yeye hamtafika naye kwenye utelezi huu."

Mnajua, kwetu mwanamume habebi mtoto kwa mbeleko. Hilo ni la wanawake, na mtu akionekana hivyo atachekwa mpaka wajukuu wake. Mama alimfunga baba mzee wa kanisa mbeleko ya kitenge chekundu juu ya koti la ibada, na hakuna aliyecheka. Mkono wa Samweli ulitoka pembeni, shati limepanda, ngozi ikaonekana kwa kila mwenye macho.

Njia ya kwenda bondeni inapita mlangoni mwa kanisa. Hakuna nyingine. Watu walikuwa wanaingia. Wakasimama. Mmoja wa wazee, mtu mwema kabisa, akatoka mbele akamshika baba begani.

"Mzee mwenzangu, tunakuelewa. Ila tuikate hiyo kwanza, tumwombee mtoto vizuri, ndipo mwende. Nina kisu hapa."

Shangazi alitoa sauti kama ya mtu aliyechomwa. Alishika mkono wa mtoto kwa viganja vyote viwili.

Baba alisema, "Sitaikata. Mwenye kuivua ni mama yake, siku atakayoweza. Nyinyi ombeni. Mimi natembea." Na akaanza kutembea, pekupeku, viatu vyake akiwa amevisahau nyumbani.

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya pili nilipogeuka nikaona mtu anakuja mbio, amekusanya kanzu yake mpaka magotini, shingo ndefu imetangulia. Ni Mwalimu. Hakumtazama mtu usoni. Alimfikia baba akasema, huku anahema, "Nipe zamu, Mzee. Tutapokezana."

Hapo mama aliniamuru nirudi nyumbani. Kwa hiyo sikuona hospitali. Ninachojua ni kwamba walivuka mto uliofurika wakiwa wameshikana, kwamba Samweli alikaa huko wiki tatu, na kwamba alirudi akiwa hai. Alikua akawa mtu mzima, ingawa kifua chake hakikuwahi kuwa kizima na asubuhi za baridi ulimsikia akija kabla hujamwona.

Kilichomponya ni nini, sindano za hospitali au maombi? Mama mkwe wa Shangazi mpaka anakufa alisema ni mbuzi wake. Kijiji kilibishana, na mabishano hayo hayakutengeneza kitu. Baba aliambiwa apumzike uzee wa kanisa. Walilisema kwa upole, naye alilipokea kwa upole, lakini alizeeka mwaka ule. Alikaa benchi la nyuma, kati ya mkewe na dada yake, mgongo umenyooka pasipo kuegemea, na hakuombwa tena kusoma kwa miaka mitatu. Shangazi aliivua ile ngozi wakati fulani baada ya hapo, nyumbani kwake, mama akiwa shahidi pekee. Hawakutuambia siku wala jinsi. Mumewe alirudi vita vilipokwisha, akaikuta familia yake hai, na nadhani hakupata kujua imepita wapi.

Mimi nilikua na siri yangu. Shangazi alinipenda kuliko watoto wengine wote wa ukoo. Nilipokwenda bweni, yeye ndiye aliyenisukia mkeka. Nilipoolewa, yeye ndiye aliyekaa nami chumbani akinifundisha mambo ambayo mama aliona haya kuyasema. Kila wema wake ulinichoma. Nilijiambia, angejua, mkono huu asingenipa.

Nilikuwa na watoto wanne tayari nilipopata nguvu. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, anachambua maharage kwa vidole. Nilipiga magoti pale chini, nikamwambia yote, pamoja na picha ya Yona.

Vidole vyake havikusimama. "Nilijua," alisema.

"Mwalimu alikuambia?"

"Mwalimu hakuniambia kitu. Aliyeona ulikuwa wewe peke yako, mwanangu. Ningeuliza nani?" Akatoa jiwe dogo katika maharage, akalitupa. "Ulikuwa mtoto. Nilikutwika siri iliyozidi kichwa chako, ukaitua. Kosa la kwanza lilikuwa langu."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema, ungenikimbia. Ungekua bila shangazi. Nikaona afadhali niubebe mimi, wewe ulikuwa bado hujapata nguvu."

Nimekariri mengi maishani. Nilisimamishwa mbele ya wenzangu nikasoma kwa sauti nani ni mwenye nguvu na nani ni dhaifu, nikajua wazi nimesimama upande gani. Kumbe tangu siku ile kijitoni mimi ndiye niliyekuwa mgongoni mwa mtu, na aliyekuwa amenibeba ni yule tuliyemtoa nje.

Nililaza kichwa mapajani pake, juu ya ungo na maharage, nikalia kama mtoto. Hakuninyamazisha. Aliusogeza tu ungo pembeni, yasimwagike.